Nikimkiri, Nitamsahau

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msinitarajie makubwa halafu mkaja kunilaumu. Naogopa radi, naogopa ng'ombe dume, naogopa mtu anayecheka peke yake, na kuliko vyote nawaogopa Waangalizi wa mji wetu wa Ntaba na vile viatu vyao vyeupe visivyotoa sauti. Kwa hiyo siku tuliyomzika Ipyana, kijana wa jirani yangu Mama Ngolela, nilisimama nyuma kabisa karibu na migomba, kichwa chini, midomo nimeibana.

Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile ya milimani isiyokata wala kunyesha. Mwangalizi alisimama kichwani mwa kaburi akasoma maneno ya mji: "Ipyana ametimiza zamu yake. Mji unamshukuru. Fukieni."

Vijana wakashika majembe.

"Ndiyo basi?" Mama Ngolela akasema. "Jamani, ndiyo basi? Mwanangu anafukiwa kama kiazi? Hakuna hata mmoja wa kumwombea?"

Hakuna aliyemjibu. Ntaba, tangu Miaka ya Moshi, wakati watu wa dhehebu hili na lile walipochomeana nyumba bonde zima, jina la Mungu halitajwi mbele ya watu. Kichwani mwako ruksa, omba mpaka uchoke. Mdomoni, marufuku. Na mle makaburini nusu yetu tulikuwa watu wa jumuiya, tunaosali pamoja kwa siri tukijifanya tumekutana kusukana nywele. Nusu nzima! Tukatazama viatu vyetu.

Mara nikasikia mtu anapita katikati ya watu, anaomba njia, "samahani, samahani." Nikajua ni nani kabla sijainua macho, na moyo ukanipasuka paa.

Alikuwa Tusajigwe, mwanangu wa ubatizo. Kwa wale ambao hawakulelewa kwetu: mtoto mchanga habatizwi peke yake. Mchungaji humuuliza, "Je, unamwamini Bwana?" na kwa kuwa mtoto hajui hata kushika titi vizuri, mama wa ubatizo hujibu kwa niaba yake, "Ninaamini." Mama yake mzazi, Sekela, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alinichagua mimi. Nikajibu. Enzi hizo kujibu hakukuwa na gharama yoyote zaidi ya kitenge kipya.

Tusajigwe alipofika kaburini magoti yalikuwa yakimtetemeka hadi khanga inacheza. Akamshika Mama Ngolela mkono, akafumba macho.

"Bwana Yesu," akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa migombani niliisikia, "Ipyana ni wako. Alikuwa mkaidi, alikuwa mcheshi, unamjua. Mpokee. Na mama yake mshike wewe, maana sisi tumeshindwa. Amina."

"Amina," akasema Mama Ngolela, peke yake. Amina yangu mimi niliimeza.

Mwangalizi hakufoka. Hao hawafoki. Alisubiri Tusajigwe atupie udongo wake, akamwambia kwa adabu, "Dada, pole na msiba. Tukimaliza hapa utatufuata."

*

Sasa ni lazima niwaambie kazi yangu, na tafadhali mnihurumie. Mimi ni msusi wa Nyumba ya Wepesi.

Nyumba ya Wepesi ndiko kiliko Kichana. Jina rasmi la mashine ile ni refu, hakuna anayelitumia. Ni fremu inayovalishwa kichwani, yenye meno laini ambayo lazima yaguse ngozi. Nywele zetu hazitaki mchezo. Ukiziacha hivihivi meno yanateleza. Mwanzoni walikuwa wakiwanyoa watu, lakini mtu akitoka na upara mtaa mzima unajua alikotoka, ikawa aibu. Ndipo wakatuajiri wasusi. Tunasuka twende kilioni, mistari myembamba kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na Kichana kinapita katikati ya mistari.

Daktari anauliza maswali ya imani. Ukijibu, kila kumbukumbu iliyoguswa na jibu inawaka kwenye skrini, na Kichana kinaizima. Hakiui mtu wala hakimtii wazimu. Mtu anatoka mzima, anajua kupika, anajua njia ya kwao. Ila Mungu hayumo tena kichwani, na chochote kilichokuwa kimefungamana naye kimekwenda naye.

Kuna mlango wa kutokea. Unaitwa Kauli. Unasema mbele ya kinasa sauti, "Nimeyaacha," unarudi nyumbani kwako siku hiyohiyo na kichwa chako kizima. Wakikukuta kesho unasali chumbani hawakuulizi. Mji hauna haja na moyo wako, unataka mdomo tu. Karibu wote waliokamatwa walisema Kauli, na mimi niliwafumua wakiwa wanacheka kwa aibu.

Tusajigwe aliletwa kwangu asubuhi. Mlinzi alikaa nje ya mlango na karanga zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inamisha kichwa. Ungetulia siku ile, leo ningekuwa nakusuka kwa ajili ya harusi."

"Ungenisuka kwa ajili ya harusi ya nani? Hakuna anayenitaka."

"Kwa mdomo huo, nani atakutaka?"

Tukacheka kidogo. Kisha nikaukosea mstari wa kwanza. Nikauanza upya.

"Tusa, sema Kauli."

"Mama..."

"Sema! Ni neno moja. Petro alikana mara tatu, na bado alipewa kondoo wa kuchunga."

Nikamsogelea sikioni.

"Hebu sikiliza hesabu yangu mimi mwanamke mjinga. Ukimkana kwa mdomo, moyoni unabaki naye. Kesho unasali, keshokutwa unasali, mpaka uwe kibibi. Ukimkiri leo, kesho humjui. Jina lake utalisikia kama jina la mtaa wa mbali. Sasa niambie, mwaminifu ni yupi hapo? Anayemkana akaendelea kumjua, au anayemkiri akamsahau?"

Ngozi ya kichwa chake ilikuwa imelowa jasho. Nilingoja, kwa kweli nilidhani nimeshinda.

"Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kinaniuma," akasema. "Sina jibu zuri, mama. Ningekuwa nalo nisingekuwa natetemeka hivi."

"Basi je?"

"Basi namfikiria Mama Ngolela. Yule hakuuliza nani ana Yesu moyoni. Wengi tulikuwa naye moyoni pale. Tulisimama naye moyoni, kimya, na yule mama akabaki peke yake na maiti ya mwanawe. Nikisema nimeyaacha, wataicheza ile kanda mtaani, ataisikia. Atajua hata yule mmoja aliyemwombea mwanawe alikuwa anaigiza."

"Atakusamehe. Ni mama."

"Sitaki anisamehe. Nataka alale usingizi."

Nikakasirika. Nikivutwa na hofu huwa nakasirika, ndivyo nilivyo. "Na mama yako je? Ee? Sekela umemfikiria? Yule alikuwa kiongozi wa kwaya kuanzia ujana wake hadi jeneza. Humkumbuki popote ambapo haimbi! Wakiuvuta uzi ule anaondoka mzimamzima."

"Usinitajie mama."

"Namtaja! Ni wangu pia!"

Mlinzi akakohoa nje. Tukanyamaza. Kisha mabega ya Tusajigwe yakaanza kutikisika, na nilipomwinamia nikaona machozi yanadondokea kwenye mikono yake.

"Sura yake nitaonyeshwa picha," akasema polepole. "Sauti ndiyo naogopa. Sauti haina picha."

Nikamkumbatia kichwa kile nilichokisuka nusu, nikalia naye. Halafu nikamaliza mistari, kwa sababu ikipinda daktari huifumua na kuanza upya, na mtu anaumia zaidi.

*

Daktari Gwakisa ni kijana mstaarabu. Hilo ndilo lilizidisha hofu yangu, maana mtu mkatili angalau unajua pa kumshikia.

"Shikamoo, mama Bupe. Mistari imenyooka, hongera."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya Tusajigwe, magoti kwa magoti.

"Dada yangu, sipo hapa kukuumiza. Babu yangu alichomwa ndani ya nyumba yake na watu waliokuwa wakiimba jina hilohilo unaloliomba. Mimi nilikuwa mtoto, niliusikia ule wimbo. Nataka mji ambao mtoto hasikii wimbo wa namna hiyo. Nisaidie. Sema Kauli, twende tukanywe chai."

Tusajigwe alimtazama usoni.

"Pole kwa babu yako," akasema. "Waliomchoma walitenda dhambi, na jina walilolitumia walilitukana. Ningekuwepo ningependa niwe nimesimama mlangoni pake. Sijui kama ningeweza."

"Unaogopa?"

"Naogopa mpaka tumbo linakata. Naomba nikajisaidie kwanza."

Wakampeleka, akarudi na uso umelowa maji. Akakaa, akakamata mikono ya kiti kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na chanuo, maana kazi ya msusi ni kuinyoosha mistari meno yanapopita.

"Uko tayari kusema nini?" daktari akauliza.

"Ninamwamini Bwana Yesu. Anza tafadhali, nisije nikabadili mawazo."

Skrini ikawaka. Nimeona vichwa vingi pale. Kwa wengi inawaka sehemu moja, pembeni, kama taa ya uani. Ya Tusajigwe iliwaka huku, ikashuka kule, ikazunguka, mpaka pasiwe na mahali pa giza. Daktari Gwakisa alisimama.

"Hii itachukua vitu vingi," akasema. Alikuwa ananiambia mimi, sijui kwa nini. Kisha akamgeukia yeye: "Dada, bado kuna Kauli."

Tusajigwe akatikisa kichwa kukataa, na meno yakakwama, nikalazimika kunyoosha mstari upya kwa vidole vyangu hivi.

"Nani alikufundisha kusali?"

"Mama. Jikoni. Alikuwa anakoroga uji huku anaimba, na mimi nikimsumbua ananigonga na..." Akasita. Taa moja ikazimika. "Alikuwa ananigonga na... nani alikuwa ananigonga?"

"Endelea. Mlikuwa mkienda wapi siku za mapumziko?"

"Tulikuwa tunapanda. Kuna ngazi za kanisani. Mama ananishika..." Taa nyingine. Akageuza macho kunitafuta, na macho yale yalikuwa yakinijua bado. "Mama Bupe, kulikuwa na ngazi?"

"Zilikuwepo," nikasema.

"Msusi asiongee," akasema daktari, kwa upole.

Sikuongea tena. Nilishika mistari hadi mwisho. Nilikuwa nimejaa hofu kiasi kwamba hata maombi yangu ya moyoni niliyaomba kwa kunong'ona, utadhani kuna mtu anasikiliza mle ndani. Nilimchukia daktari, nikajichukia mimi, na kwa dakika fulani, Mungu anisamehe, nilimchukia hata Tusajigwe kwa kutonisikiliza. Taa ya mwisho ilipozimika alikuwa amelala, na uso wake ulikuwa laini kama wa mtu asiye na deni popote.

*

Juma lililofuata alikuja kwenye chumba changu cha kususia, kule nyumbani, kufumuliwa mistari. Sikioni alikuwa na kipuli cheupe cha Waangalizi. Kila anayetoka kwenye Kichana hukivaa kwa muda, nacho kinasikiliza. Mtu akimrudishia maneno yaliyoondolewa, kipuli kinageuka chekundu na Waangalizi wanateremka kutoka ghorofa yao ya juu kwa lifti ya jengo letu. Na huyo aliyeyarudisha hapewi nafasi ya Kauli. Hiyo ndiyo sheria yao: anayemchafua mtu aliyesafishwa anaingia kwenye Kichana moja kwa moja.

"Shikamoo, mama. Wameniambia wewe ndiye uliyenisuka. Na kufumua unafumua?"

Alinitazama kama unavyotazama kibao cha duka. Mtoto niliyemfunga nepi!

"Marahaba, mwanangu. Nafumua. Kaa."

Akakaa. Nikaanza na mstari wa pembeni. Tulikuwa sisi wawili tu na kioo mbele yetu. Aliongea bila kuulizwa, kama zamani.

"Nalala vizuri, sikatai. Kazini wananisifu. Ila nikuulize, wewe ni mtu mzima. Nikiwa jikoni nakoroga uji, mkono unasimama. Nasubiri kitu. Sijui nasubiri nini, na uji unaungua. Daktari anasema itapita."

"Itapita," nikasema.

"Halafu kuna mama mmoja mtaani, Mama Ngolela. Kila akiniona ananishika mikono, analia, anasema asante mwanangu. Nilimfanyia nini?"

"Sijui."

"Daktari anasema nilichagua mwenyewe. Kwamba nilipewa njia rahisi, nikakataa." Akaniangalia kwenye kioo. "Wewe ulikuwepo. Nilikuwa mjinga, mama? Nilichagua nini mimi?"

Vidole vyangu vikasimama. Kile kipuli kilikuwa karibu kabisa na mkono wangu, cheupe, kinameremeta.

Nikafikiri vile nilivyo navyo. Marehemu mume wangu Anyosisye nilikutana naye kwenye mazoezi ya kwaya. Sauti yake nzito ninayo. Watoto wangu wawili niliowazika ninao, na maneno yaliyosemwa juu yao. Sekela ninaye mzima, pamoja na mwiko wake wa uji aliokuwa akimgonga nao mtoto. Vyote hivyo viko kwenye uzi mmoja. Wakiuvuta nitabaki bibi anayejua kusuka na kupika, na hapatakuwa na mtu duniani anayejua Sekela aliimbaje. Nikajiambia, Bupe, ukinyamaza unawalinda wote. Kunyamaza nako ni kutunza. Ile hesabu yangu niliyompigia mwenzangu, sasa nilijipigia mwenyewe, na ilikuwa tamu.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Mimi nasuka tu."

"Haya," akasema.

Hakulalamika. Aliinamisha kichwa nifumue, akakunja mikono mapajani. Na pale kisogoni nikaiona ile alama ndogo aliyozaliwa nayo, niliyoiona mara ya kwanza nimembeba mbele ya madhabahu, amefunikwa shuka jeupe, hajui lolote, na mchungaji anamuuliza swali ambalo hawezi kulijibu. Watu wote wakanigeukia mimi. Hakuna aliyetazamia mtoto ajibu.

Nikaweka chanuo chini.

"Nimekudanganya," nikasema. "Najua."

Akainua kichwa.

"Hukuwa mjinga. Mama Ngolela alikuwa anazika mwanawe, akaomba mtu wa kumwombea, na sisi wote tukaogopa. Wewe pia uliogopa, ila ulimwombea. Ulimwomba Bwana Yesu. Ulimwamini, tangu utotoni ulimwamini, na walipokupa nafasi ya kumkana ukakataa ukijua watakufanya umsahau. Mimi nilikushauri umkane. Hukunisikiliza."

Kwenye kioo tuliona pamoja kipuli kikigeuka chekundu.

Akaruka kutoka kitini, akalishika sikio. Ukutani, mashine ya lifti ikaanza kunguruma. Nilikaa kwenye beseni la nywele bila kupenda. Yeye sheria ilikuwa inamlinda. Alichotakiwa ni kutoka nje, anyooshe mkono, aseme ni huyu bibi, na jambo linaishia hapo kwake. Nilimwona anavyoutazama mlango. Uso wake ulikuwa umejaa hofu, hofu ya kweli, ya kwanza kuiona kwake tangu siku ya Kichana.

Akauendea mlango. Nikafumba macho. Nilisema moyoni, nenda salama Anyosisye, nendeni salama wanangu, na wewe Sekela nisamehe, nimekutoa.

Nikasikia komeo linateremka.

Nilipofumbua macho alikuwa amerudi kitini, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, amenigeukia.

"Mama, unaogopa?"

"Naogopa sana, mwanangu."

"Hata mimi." Akanishika mikono yote miwili. Lifti ilikuwa imesimama, na watu walikuwa wanakuja kwenye korido. "Basi sema haraka. Ninayemsubiri jikoni ni nani?"

"Mama yako. Sekela. Alikuwa akikoroga uji anaimba."

"Anaimba nini?"

Mlango ukagongwa. Sauti yangu mimi ni mbaya, kwaya walinipa kazi ya kubeba madaftari. Nikaimba.